"Huo ni uzee tu"? Tujadili yanayopunguza makali ya akili kwa wazee wasio wagonjwa

Muuguzi_Mstaafu (mwanzishaji wa uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Nairobi kwa muda mrefu, na sasa nikiwa nimestaafu hujitolea kuwapima presha na sukari wazee wa mitaa ya Makadara wanapokutana katika ukumbi wa kanisa. Kauli ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa watoto wao ni kwamba mzazi akianza kusahau, huo ni uzee tu, na hakuna la kufanya. Naomba tuichunguze kauli hiyo kwa makini, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu nyingine inawanyima wazee wetu miaka ya kujitegemea. Simzungumzii mgonjwa wa Alzeima ambaye hamtambui tena mwanawe. Namzungumzia mzee mwenye afya yake, anayepanda matatu peke yake hadi mjini na kurudi, anayeweka hesabu za chama bila kukosea, lakini ambaye jamaa zake wanaona kwamba anazidi kuwa mzito wa kukumbuka mwaka hadi mwaka.

Nusu iliyo kweli ni hii: kasi ya kufikiri, uwezo wa kushika mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja, na kukumbuka jambo la juzi bila kudokezewa, yote hayo hupungua kadiri umri unavyosonga, hata kwa mtu asiyeugua chochote. Timothy Salthouse wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ameonyesha kwamba upungufu huo huanza kuonekana katika vipimo hata kabla ya mtu kufika miaka 40. Msamiati na maarifa ya maisha, kwa upande mwingine, huendelea kuongezeka hadi miaka ya sitini na kitu, na ndiyo maana mzee anayechelewa kuhesabu chenji ya kondakta anaweza kusuluhisha ugomvi wa shamba uliowashinda wanasheria vijana.

Nusu isiyo kweli ni kudhani kwamba sote tunashuka mteremko mmoja kwa mwendo mmoja. Mwaka 1956 K. Warner Schaie alianzisha Seattle utafiti wa kuwafuatilia watu wale wale kwa miongo kadhaa. Alibaini kwamba kwa wastani upungufu mkubwa huja baada ya miaka 60, kwamba watu hutofautiana mno, na kwamba sehemu kubwa ya pengo tunaloliona kati ya vijana na wazee inatokana na kuzaliwa katika nyakati tofauti zenye shule na lishe tofauti. Ukimlinganisha mama aliyeacha shule darasa la nne na mwanawe aliyehitimu chuo kikuu, ukasema mama amepungukiwa na akili, hapo umeipima historia ya elimu ya Kenya, hukumpima mama.

Uskoti walifanya jambo ambalo sijui nchi nyingine iliyoweza kulifanya kwa ukubwa huo. Mwaka 1932 watoto waliozaliwa mwaka 1921 walipewa mtihani mmoja wa akili nchi nzima, na miongo mingi baadaye Ian Deary na wenzake wa Edinburgh wakawatafuta waliokuwa hai na kuwapima upya. Takriban nusu ya tofauti zilizokuwepo kati ya wazee hao zilikuwa zimeshaonekana walipokuwa na miaka 11. Baadhi ya watu huliona jambo hilo kuwa la kukatisha tamaa. Mimi naona kwamba nusu nyingine ilitokana na yaliyotokea baada ya hapo, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Kwa maoni yangu, la kwanza ni presha. Ubongo hulishwa na mishipa midogo sana ya damu, na presha ikikaa juu kwa miaka ishirini, mishipa hiyo hukakamaa na kuziba moja baada ya nyingine. Sehemu za ndani za ubongo hupata madoa ambayo mwenyewe hayahisi, kwani hakuna maumivu wala kupooza kwa mkono. Anachokiona ni kwamba kupanga safari ya mashambani, jambo alilokuwa akilifanya huku anakunywa chai, sasa kunamchukua asubuhi nzima. Katika utafiti wa SPRINT MIND uliochapishwa mwaka 2019, Wamarekani zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likashushwa namba ya juu ya kipimo cha presha hadi chini ya 120, na lingine likaachwa chini ya 140. Waliodhibitiwa zaidi walipungukiwa na hatari ya kupata udhaifu wa awali wa kumbukumbu kwa takriban asilimia 19. Kwa demenshia yenyewe, yaani upungufu wa akili unaomzuia mtu kujitegemea, tofauti ilielekea upande huo huo, lakini haikuwa kubwa vya kutosha kuthibitishwa.

Sasa tuje kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Miaka inayoamua zaidi ni ya arubaini na hamsini, yaani umri wa wengi wenu mnaosoma uzi huu mkiwafikiria wazazi wenu.

Binti_wa_Jericho

Mama, ahsante kwa uzi huu. Baba yangu alistaafu kutoka utumishi wa umma akiwa na miaka 60, na hana kisukari wala presha. Tunaishi naye mtaa wa Jericho. Zamani alikuwa mtu wa kusimulia, lakini siku hizi ukimwambia jambo asubuhi, jioni halikumbuki, anasema hukumwambia. Wageni wakija hukaa kimya pembeni, na wakati mwingine hujibu kitu ambacho hakikuulizwa. Runinga anaiweka sauti ya juu hadi jirani analalamika. Ndugu zangu wameshakata shauri kwamba ni ugonjwa wa kusahau umeanza. Je, ni hivyo?

Muuguzi_Mstaafu

Binti yangu, kabla ya kufikiria ubongo, mpelekeni baba akaangaliwe masikio. Uliyoyaeleza, hasa runinga na majibu yasiyolingana na swali, ni mambo ya mtu asiyesikia vizuri, na neno ambalo halikuingia sikioni haliwezi kukumbukwa jioni.

Nitakueleza niliyoyaona ukumbini. Mzee mmoja nilimsomea orodha ya maneno kumi ya kukumbuka, akarudisha machache tu, na mojawapo halikuwemo katika orodha. Nilikuwa nimesema "shoka," yeye akarudisha "soka." Sauti nyembamba kama "s" na "sh" ndizo zinazopotea kwanza uzeeni, huku sauti nzito zikibaki, na ndiyo maana mzee hukwambia, tena kwa haki, kwamba anakusikia ila hakuelewi. Masikio yake yalipoangaliwa katika kituo cha afya yalikutwa yamezibwa na nta. Yalisafishwa, nikampima tena kwa orodha nyingine katika chumba tulivu, na akafanya vizuri zaidi. Kupimwa mara ya pili pekee humsaidia mtu kuzoea, kwa hiyo simtoi kama ushahidi, lakini tangu hapo simpimi mzee kumbukumbu kabla sijahakikisha ananisikia. Tafadhali msijaribu kuitoa nta nyumbani kwa pamba za vijiti, kwani huisukuma ndani zaidi.

Jopo la jarida la tiba la Lancet linaloongozwa na Gill Livingston wa London lilitoa mwaka 2024 orodha ya mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kwamba kwa pamoja yanahusiana na takriban asilimia 45 ya demenshia duniani. Upungufu wa kusikia ulikuwa miongoni mwa mambo mawili yenye uzito mkubwa kuliko yote, pamoja na lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Sababu zinazotajwa ni mbili: ubongo hutumia nguvu nyingi kufumbua sauti hafifu, kwa hiyo hubakiwa na chache za kuhifadhi maana, na mtu asiyesikia hujitenga na mazungumzo, akakosa kile kinachouchangamsha ubongo kila siku. Baba yako kukaa pembeni wageni wakija ni jambo la kulitilia maanani, hata masikio yake yakikutwa mazima.

Mwalimu_wa_Hesabu

Nashukuru kwa uzi wenye takwimu, lakini naomba tuwe waangalifu nazo. Asilimia 45 ni makadirio ya jamii nzima ya dunia. Haimaanishi kwamba mtu mmoja akifanya yote 14 atapunguza hatari yake kwa kiasi hicho. Halafu kuna swali la kipi kilitangulia. Mtu anayejitenga na marafiki huenda amejitenga kwa sababu ubongo wake umeshaanza kudhoofika bila yeye kujua.

Mfano mzuri ni mazoezi. Watafiti wanaowafuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza katika utafiti wa Whitehall II walichapisha mwaka 2017 matokeo ya miaka 28: mazoezi ya umri wa kati hayakuonekana kuzuia demenshia, ila waliokuja kuugua walianza kupunguza mazoezi hadi miaka tisa kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Yaani ugonjwa ndio uliowakalisha kitini. Hata katika suala la kusikia, jaribio la ACHIEVE la mwaka 2023, lililowapa vifaa vya kusikia baadhi ya wazee wa miaka 70 hadi 84, halikuonyesha tofauti kwa washiriki wote kwa jumla baada ya miaka mitatu.

Muuguzi_Mstaafu

Mwalimu, hoja zako ni nzito na nazikubali karibu zote. Ningependa wengi wasome kama ulivyosoma wewe. Niongeze tu kwamba katika jaribio hilo hilo la ACHIEVE kulikuwa na kundi la wazee waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, wakiwemo wenye presha, kisukari na elimu ndogo, na kwao kasi ya kupungua kwa uwezo wa akili ilikuwa chini kwa asilimia 48 walipopewa vifaa vya kusikia. Waliobaki walikuwa na afya njema kiasi kwamba miaka mitatu ilikuwa michache mno kuona upungufu wowote wa kuzuia. Ukiwatazama wazee wa mitaa yetu ya Kaloleni au Mbotela, wanafanana zaidi na kundi lipi?

Kuhusu mazoezi, ushahidi wa majaribio ni bora kuliko wa kufuatilia tu. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha jaribio la wazee 120, ambapo nusu walitembea kwa haraka siku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima na nusu walifanya mazoezi ya kujinyoosha. Kwa waliotembea, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya iliongezeka kwa takriban asilimia 2, ilhali kwa wengine ilisinyaa. Lakini utafiti ninaouamini zaidi ni wa Finland uitwao FINGER, wa Miia Kivipelto, uliochapishwa mwaka 2015. Wazee 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walifuatiliwa kwa miaka miwili, na nusu yao wakapewa vyote kwa pamoja: chakula bora, mazoezi, kuchangamsha akili, na kudhibitiwa presha na sukari. Waliopewa mpango huo waliimarika katika vipimo vya jumla kwa asilimia 25 zaidi ya wenzao waliopata ushauri wa kawaida tu. Hakuna anayeweza kusema ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi, na pengine swali hilo halina jibu, kwa sababu mtu anayetembea hushusha presha, hulala vizuri na hukutana na watu, yote kwa mkupuo mmoja.

Kuna na utafiti wa kwetu Afrika usiosahaulika. Watafiti waliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wenye miaka 65 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba Alzeima mpya ilitokea kwa asilimia 1.15 kwa mwaka Ibadan, na asilimia 2.52 Indianapolis. Tena jeni ya APOE e4, chembe ya urithi ambayo kwingineko huongeza hatari waziwazi, Ibadan ilionekana kuwa na athari ndogo. Watafiti walitaja chakula na afya ya moyo kuwa miongoni mwa maelezo yanayowezekana. Hofu yangu ni kwamba Nairobi tunahama kwa kasi kutoka maisha ya Ibadan ya wakati ule kwenda ya Indianapolis: chipsi, soda, kukaa garini saa nzima kwa msongamano, na chumvi mezani kando ya nyama choma.

Mama_Kayole

Mimi nina swali fupi. Mama mkwe wangu hakosi usingizi tena tangu alipoanza kunywa tembe za mafua kila usiku, zile za kununua dukani bila cheti. Analala fofofo. Lakini asubuhi anakuwa kama hayupo. Kuna uhusiano?

Muuguzi_Mstaafu

Dada, upo, tena wa moja kwa moja. Dawa za zamani za mafua na mzio zinazoleta usingizi huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kuhifadhi kumbukumbu. Amitriptyline, inayotolewa sana kwa maumivu ya neva, hufanya vivyo hivyo, na dawa nyingi za usingizi huleta uzito wa akili na kuanguka. Kwa kijana dawa huisha mwilini mapema; kwa mzee hukaa. Mpelekeni kwa daktari na mbebe dawa zote anazotumia, pamoja na za kienyeji, kwa sababu hii ni moja kati ya sababu chache ambazo ukiziondoa mtu anaweza kurudi alivyokuwa. Asiache ghafla dawa aliyoandikiwa na daktari bila kumuuliza.

Kama anatumia metformin kwa ajili ya kisukari kwa miaka mingi, ombeni apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake huharibu kumbukumbu. Tezi la shingo nalo lipimwe. Na mkiona mzee aliyekuwa mzima jana leo amechanganyikiwa, hapo pasiwe na mjadala, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, na huenda asiwe na homa.

Mhandisi_SouthB

Na hizi tembe za kuongeza kumbukumbu zinazouzwa mjini, na michezo ya simu ya kunoa akili? Mimi nimekaribia kustaafu, na nimekuwa nikijiuliza pia kama kuzungumza lugha tatu kunasaidia, maana karibu kila mtu Nairobi huzungumza Kiswahili, Kiingereza na lugha ya kwao.

Muuguzi_Mstaafu

Mzee wangu, tembe acha. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri kwamba vitamini B, vitamini E na mafuta ya samaki ya tembe yasipendekezwe kwa ajili ya kuzuia upungufu wa akili. Mwenye upungufu wa vitamini uliothibitishwa hospitalini ndiye wa kutibiwa. Fedha hizo nunua miwani, kwani macho mabovu yasiyorekebishwa yameingia katika orodha ya Lancet ya mwaka 2024.

Michezo ya akili hunoa kile kile inachokizoesha. Katika jaribio la ACTIVE la Marekani, wazee waliofundishwa mantiki au kasi ya kutambua vitu walibaki na nafuu katika stadi hizo hata baada ya miaka kumi, lakini waliofundishwa mantiki hawakupata kumbukumbu bora kwa sababu hiyo. Bao chini ya mti na wenzako wanaokubishia nalipenda zaidi ya simu, kwa kuwa linakuja na watu.

Kuhusu lugha, Suvarna Alladi na wenzake huko Hyderabad, India, waliwachunguza wagonjwa 648 wa demenshia na kukuta kwamba waliozungumza lugha zaidi ya moja waliugua takriban miaka minne na nusu baadaye kuliko wa lugha moja, hata miongoni mwa wasiojua kusoma. Tafiti za kufuatilia watu wazima wenye afya hazijakubaliana nayo zote, kwa hiyo nasema tu kwamba inaelekea kusaidia. Wazo lililo nyuma yake, ambalo Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia ameliendeleza sana, ni kwamba elimu, kazi ngumu za akili na lugha hujenga akiba. Ni kama dereva wa matatu anayezijua njia za vichochoroni: Thika Road ikifungwa, yeye bado anafika, ingawa uharibifu wa barabara ni ule ule kwa wote.

Lakini kwa mtu aliyekaribia kustaafu kama wewe, jambo la kufikiria zaidi ni kustaafu kwenyewe. Whitehall II ile ile aliyoitaja Mwalimu ilionyesha kwamba kumbukumbu ya maneno ilipungua kwa kasi ya asilimia 38 zaidi baada ya kustaafu kuliko kabla, ilhali uwezo mwingine haukuathirika sana. Hapa kwetu huliona kwa wanaume hasa. Mwanamke anayestaafu ana chama, kwaya, mazishi ya kuandaa na wajukuu wa kulea. Mwanamume aliyekuwa na ofisi anarudi nyumbani kukaa na runinga, na kwa siku nzima hakuna anayemwuliza swali linalohitaji afikiri. Tafuta kazi ya kufanya kabla ya barua ya kustaafu haijafika, yenye watu, tarehe na hesabu ndani yake: uweka hazina wa kikundi, kufunza vijana ufundi wako, chochote ambacho usipokwenda utatafutwa.

Mwalimu_wa_Hesabu

Swali la mwisho kutoka kwangu, Mama. Nyanya yangu hakuwahi kwenda shule. Tulipompeleka kupimwa kumbukumbu aliambiwa atoe saba kutoka mia moja mara kwa mara, kisha achore maumbo kwa kalamu ambayo hajawahi kuishika. Alitoka akiwa ameaibika. Hupimwaje mtu kama yeye?

Muuguzi_Mstaafu

Pole sana kwake, na asipimwe hivyo tena. Kuna kipimo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa na watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya watu kama nyanya. Hakuna kalamu wala kutoa saba. Anakumbuka maneno kumi, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anajibu maswali ya siku na mahali, na kisha anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliowekewa na mpimaji. Mwulize daktari au muuguzi wenu kwa jina hilo, na apimwe kwa lugha yake mwenyewe.

Mkiwa nyumbani, msimlinganishe na nyanya wa jirani wala na vijana. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana: je, bado anajua ni nani anayemdai sokoni, bado anapika bila kusahau jiko, bado anarudi nyumbani kwa njia aliyoizoea? Kusahau jina la mtu na kulikumbuka baadaye jioni hakunitii wasiwasi. Kupotea katika mtaa alioishi miaka thelathini kunanitia, na hilo akilifanya hata mara moja, msisubiri litokee tena. Mkienda, nendeni na mtu anayeishi naye kila siku, na kabla ya kipimo chochote hakikisheni ameangaliwa masikio na macho.